Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandaa andiko la kuomba eneo la maafa litangazwe kumbukumbu ya taifa

Maandiko mengi ya aina hii niliyoombwa kuyapitia yamerudishwa kwa kosa lilelile. Msiba umeelezwa kurasa kumi, mahali pameelezwa mistari miwili. Afisa anayesoma hahitaji kushawishiwa kwamba vifo vinauma. Anataka kujua ni kipande gani cha ardhi, kinaanzia wapi na kuishia wapi, kimebakiza nini, na kwa nini hicho na si cha jirani. Unaombea mahali. Msiba ni sababu tu ya kuombea.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Mfano wangu mkuu ni MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, kwa kuwa karibu kila mmoja anaijua na kwa kuwa ina kila aina ya ugumu utakaokutana nao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamati ya watu watatu hadi watano. Awepo mmoja anayeandika vizuri, mmoja anayejua ardhi ya eneo hilo, na angalau mmoja wa familia za marehemu.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Bila hiyo hakuna ofisi itakayokufungulia faili.
- Tepu ya kupimia ya mita 50, simu yenye GPS, na daftari la karatasi. Simu huzima chaji, daftari halizimi.
- Kamera au simu yenye picha safi, na rula au kijiti chenye alama za sentimeta.
- Kinasa sauti (cha simu kinatosha) na fomu za ridhaa za mashahidi.
- Nakala za magazeti ya siku za tukio, ripoti ya uchunguzi kama ilitolewa hadharani, na taarifa zozote za hospitali, polisi au parokia na misikiti iliyoshiriki mazishi.
- Ramani ya mipango miji au ya kijiji kutoka halmashauri.
- Nauli. Panga safari tatu za eneo lenyewe, siyo moja.

## Hatua ya 1: Jua unapita mlango upi wa sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Ajali ya meli, treni, mgodi au maporomoko unayoyafikiria karibu hakika ni ya baada ya hapo. Kwa hiyo mlango wako ni wa pili: Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba mahali fulani penye maana ya kihistoria ni kumbukumbu inayolindwa.

Tofauti hiyo si ya kisheria tu. Gofu la karne ya 15 linalindwa kwa umri wake. Eneo lako halina umri wa kulitetea, linategemea hoja. Ndiyo maana andiko la kurasa tatu lililomtosha rafiki yako kwa ajili ya magofu halitakutosha wewe.

Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo mnaofikiria maeneo ya ajali ya meli ya Spice Islander (2011) msifuate ofisi ninazozitaja hapa. Wasomaji wa Kenya, kwenu ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Huko pia ni Waziri anayetangaza kwenye Gazeti, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa. Hatua za 2 hadi 6 zinawafaa nanyi, isipokuwa sheria za Tanzania zinazotajwa ndani yake, iwe ni kwa ajali ya feri ya Mtongwe ya 1994 au kwingineko.

Onyo kwa wanaotaja UNESCO kila aya: mkataba wa 2001 wa urithi ulio chini ya maji unahesabu vitu vilivyokaa majini miaka 100 na zaidi. Meli ya 1996 haimo. Kuutaja mkataba usiokuhusu kunamwonyesha msomaji kwamba hukuusoma.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pamoja

Maafa yana tabia ya kuwa na mahali pengi. MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Kuna eneo la ziwa ilikozama. Kuna gati. Kuna ufukwe ambako watu walisubiri miili. Kuna makaburi ya Igoma, ambako ndugu hukusanyika kuomba. Kamati nyingi zingetaka vyote vinne katika andiko moja. Usifanye hivyo.

Kila mahali pana mwenyewe, sheria yake na hatari zake. Eneo la maji linagusa mamlaka za bandari na usafiri wa majini. Gati ni sehemu ya kazi, na hakuna atakayekubali zuio la ukarabati hapo. Makaburi yapo, yanaonekana, yanafikika kwa daladala, na mipaka yake inaweza kupimwa kwa tepu. Mimi ningechagua makaburi, kisha nieleze mahali pengine kama muktadha.

Jiulize maswali matatu ukiwa umesimama penyewe. Mtu asiyejua habari akifika hapa leo, ataona nini? Kilichopo kilikuwepo wakati wa tukio, au kimejengwa baadaye? Ukikiondoa, je, patabaki sababu ya kuja hapa?

Mnara uliojengwa miaka kumi baada ya tukio, kwenye makutano ya barabara yasiyohusika na tukio, ni mnara tu. Unaweza kuwa mzuri sana. Lakini si eneo la maafa, na andiko linalouchanganya na eneo la maafa linarudi.

Hatua hii imekamilika pale kamati nzima inapoweza kutaja eneo kwa sentensi moja, na wote wanataja sentensi ileile. Nimekaa kwenye vikao ambapo watu watano walisema sentensi tano. Tukarudi nyumbani.

## Hatua ya 3: Mjue mwenye ardhi kabla hajakujua

Andiko likifika wizarani na mwenye ardhi akasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwao, limekwisha. Hata kama angekubali, sasa atakataa.

Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kiwanja au eneo hilo limesajiliwa kwa nani. Kama ni makaburi ya umma, mwenyewe mara nyingi ni halmashauri, na unahitaji barua ya mkurugenzi. Kama ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, suala lifike mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wenye mhuri na orodha ya mahudhurio. Barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi, na mwenyekiti anayekuambia inatosha atakuwa ameshaondoka madarakani siku utakapoulizwa.

Ugumu wa kweli uko pale ardhi mbili zinapokutana. Chukua ajali ya treni ya Igandu, Dodoma, ya 24 Juni 2002: treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi bila breki ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Ukanda wa reli una mwenyewe, ambaye ni shirika la reli. Mashamba yaliyo pembeni yana wenyewe. Ukichora mpaka wako kwa mduara mzuri wa mita 100 umeshaingia kwa watu wawili wenye sheria mbili. Afadhali mpaka wenye kona mbaya unaofuata mstari wa umiliki.

Waeleze wenye ardhi jambo moja ambalo kamati nyingi hulificha: eneo likishatangazwa, kubomoa, kubadilisha au kujenga juu yake kunahitaji kibali. Kama makaburi bado yanatumika kuzika, omba litangazwe lile eneo la waliokufa katika tukio tu. Vinginevyo mama mmoja atakuja kumzika mumewe miaka mitano ijayo aambiwe asubiri kibali, naye atauliza ni nani aliyeleta balaa hili. Ataelekezwa kwako.

## Hatua ya 4: Pima, piga picha, eleza unachokiona

Zunguka mpaka kwa miguu. Kila kona, simama dakika mbili simu itulie, kisha andika nukta za GPS kwa desimali hadi tarakimu sita. Andika kwenye daftari papo hapo, halafu pima umbali kati ya kona na kona kwa tepu. Vipimo viwili visipokubaliana kwa mita nyingi, rudi upime tena siku nyingine.

Picha zipigwe kwa mpangilio huu: nne za eneo zima kutoka pande nne za dira, moja kwa kila kona ya mpaka, kisha kila kitu kilichomo kikiwa na kijiti cha sentimeta pembeni. Kila picha iwe na namba, tarehe, mpigaji, na upande aliotazama. Usiweke watu wanaolia. Picha ya mama aliyeegemea kaburi inafaa gazeti, haimwambii afisa kitu kuhusu kaburi.

Sasa maelezo. Hapa ndipo watu wanapokimbilia maneno makubwa: "mnara wa kihistoria ulio katika hali ya kusikitisha." Hayo hayapimiki. Linganisha na haya, niliyoyasaidia kuandika kwa eneo moja dogo la kijijini:

"Nguzo ya zege yenye pande nne, kimo sentimeta 92, upana sentimeta 30. Uso wa mashariki una bati lililoshikwa kwa misumari minne. Msumari wa chini kushoto umetoka. Mistari miwili ya juu ya maandishi inasomeka. Wa tatu umeliwa na kutu, zinabaki herufi M na tarakimu 7. Mzizi wa mwarobaini umeinua kitako upande wa kaskazini kwa sentimeta 4."

Msomaji aliye ofisini ameshafika. Anajua pia, bila wewe kulalamika, kwamba mwarobaini ule usipokatwa nguzo itaanguka.

Andika na kisichokuwepo. Kama mabaki yaliuzwa kama chuma chakavu, sema. Kama barabara ilipanuliwa ikala robo ya eneo, sema ilikula upande gani. Afisa atafika kukagua, na akigundua mwenyewe ulichokinyamazia, atayatilia shaka hata yale uliyoyapima vizuri.

## Hatua ya 5: Kusanya ushahidi na usilazimishe namba

Idadi ya waliokufa ndiyo inayogombanisha kamati kuliko kitu kingine. Kwa MV Bukoba takwimu inayotumika sana ni 894, lakini wapo wanaokadiria karibu 1,000. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Namba kamili ingetoka wapi?

Usichague namba kubwa kwa sababu inaumiza zaidi. Weka jedwali lenye safu tatu: namba, nani aliitoa, lini. Kisha sentensi moja inayoeleza kwa nini zinatofautiana.

Kwa mashahidi, utaratibu wangu ni huu. Nenda mara ya kwanza bila kinasa sauti. Mwamkie mzee, kaa, kunywa chai, eleza unachofanya, uondoke. Mara ya pili nenda na fomu ya ridhaa, umsomee kwa sauti hata kama anajua kusoma, ndipo uwashe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu walio hai, na aliyenusurika ana haki ya kusema jina lake lisiandikwe.

Anza kumuuliza kuhusu mahali, ndipo uje kwenye tukio. "Ulikuwa umesimama wapi? Kulikuwa na nini mbele yako? Twende ukanionyeshe." Maswali ya "ulijisikiaje" yatajaa machozi na hayatakuonyesha mpaka.

Mashahidi wako hawatakubaliana. Kwenye eneo lile la nguzo wazee watatu walinionyesha sehemu tatu za kaburi la pamoja, kila mmoja akiapa. Wa kwanza alisema ni chini ya mwembe. Wa pili alisema mwembe haukuwepo. Wa tatu alinyamaza, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kichaka cha minyaa na kusema, "Hii tuliipanda sisi." Minyaa ya mpaka, ya mstari mnyoofu, pande tatu. Maelezo yote matatu yaliingia kwenye andiko, lakini tulipima la yule aliyeonyesha kitu.

Tahadhari: usichimbe. Hata kwa kijiti, hata "kuhakikisha tu". Kuchimba eneo kama hilo bila kibali ni kuvunja sheria ileile unayoiomba ikulinde, mbali na kwamba ni makaburi ya watu.

## Hatua ya 6: Andika tamko la umuhimu

Huu ndio moyo wa andiko, na usizidi kurasa mbili. Wengi huandika hivi:

"Ajali ya MV Bukoba ilikuwa msiba mkubwa ulioitikisa nchi nzima. Watanzania hawatausahau kamwe. Hivyo eneo hili linastahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo."

Badilisha jina la meli liwe jina la treni, aya inabaki ilivyo. Aya inayoweza kuhamishwa haijasema kitu kuhusu mahali. Mimi ningeanzia hapa:

"Meli ya MV Bukoba iko chini ya Ziwa Victoria na haifikiki na umma. Makaburi ya Igoma ni eneo la nchi kavu linalohusiana moja kwa moja na kuzama kwake tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo makaburi haya ni sehemu ya ushahidi uliobaki wa watu ambao karatasi za meli hazikuwaandika."

Hiyo haiwezi kuhamishiwa Igandu. Kila sentensi yake ina kiambatisho cha kuithibitisha, na ya mwisho inajibu swali la kwa nini hapa.

Mfano bora ninaoujua wa hoja ya namna hii uko mbali na kwetu. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, na wote 128 wakafa. Mwaka 2014 eneo zilipoanguka lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa hilo. Hoja ilisimama juu ya miguu miwili: ajali ile ilisukuma mabadiliko ya namna anga ya Marekani inavyoongozwa, na vipande vya ndege bado vimo bondeni. Vifo 128 vilitajwa, lakini havikuachiwa kubeba mzigo peke yake.

Ukitaka kutumia mguu wa "yaliyobadilika baadaye", kuwa mwangalifu. Sheria ya kuanzisha SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri wa nchi kavu na majini, ilipitishwa 2001, miaka mitano baada ya MV Bukoba. Nimesoma andiko lililosema ajali hii ilizaa chombo kile, bila waraka wowote wa kuonyesha hivyo. Kufuatana kwa tarehe si ushahidi. Kama ripoti ya tume au hotuba ya bungeni inaunganisha mawili hayo, nakili ukurasa uuambatanishe. Kama huna, andika tarehe zote mbili na unyamaze.

Jaribio la mwisho la hatua hii: mpe mtu asiyekuwa wa eneo lenu ukurasa wa kwanza, kisha uuchukue. Akiweza kukueleza eneo liko wapi na lina nini, endelea. Akisema tu "inasikitisha sana", rudia.

## Hatua ya 7: Eleza nani ataliangalia

Ukurasa mmoja unatosha. Nani anafyeka majani, mara ngapi kwa mwaka, kwa fedha gani. Nani ana ufunguo kama kuna lango. Taja hatari zilizopo kwa vipimo: korongo la maji liko mita ngapi kutoka mpaka, ujenzi wa karibu uko mita ngapi. Usiahidi kituo cha watalii chenye mgahawa. Ahadi ya kufyeka mara nne kwa mwaka, yenye saini ya serikali ya mtaa, ina uzito zaidi.

## Hatua ya 8: Fungasha, wasilisha, fuatilia

Mpangilio: barua ya maombi, ukurasa wa utambulisho wa eneo, ramani na nukta, maelezo ya hali ya sasa, historia fupi (kurasa tatu mwisho), tamko la umuhimu, mpango wa uangalizi, kisha viambatisho vyenye namba. Tengeneza nakala tatu za karatasi na moja ya kidijitali.

Anzia chini: mtaa au kijiji, kata, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Barua yake ya kukupitisha ndiyo inayokufikisha Idara ya Malikale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Kuruka ngazi hakuharakishi chochote, faili litashushwa lianze upya.

Kila unapokabidhi, ondoka na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Nilishuhudia kamati moja ikiambiwa faili lao halijawahi kufika. Walikuwa na kumbukumbu ya kulipeleka, na sura ya kijana aliyelipokea, lakini mhuri hawakuwa nao. Walianza upya.

Wakaguzi wakija, wapeleke kwanza kwenye kona za mpaka, kisha ndani. Awepo shahidi mmoja, siyo kumi. Andiko likirudi na maswali, hilo si kukataliwa. Nakili kila swali, jibu chini yake, taja namba ya kiambatisho, na lirudishe lote ndani ya mwezi mmoja, wakati aliyeuliza bado anakumbuka kwa nini aliuliza.

Tangazo likitoka, nunua nakala ya Gazeti la Serikali lenye namba ya tangazo. Moja iende kwa mwenye ardhi, moja kwa afisa ardhi wa halmashauri ili eneo liingizwe kwenye ramani zake, na moja ibaki kwenye faili la kamati pamoja na daftari la vipimo. Daftari usilitupe. Siku jirani atakaposogeza uzio wake, ni lile litakaloulizwa.